Giaboksi ya otomatiki inayobadilisha gia kwa ulegevu: Kipi chaweza kufanywa nyumbani, na kipi hakifai kuguswa?

Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, soko la Kisekka jijini Kampala na eneo la Gerezani jijini Dar es Salaam ni mahali ambapo mmiliki wa gari hufika pale giaboksi yake inapokuwa imekwisha. Huko hununua nyingine iliyotumika, ambayo historia yake haijui, na kuomba Mungu idumu. Kabla ya kufikia hatua hiyo, hata hivyo, gari huwa limetoa dalili kwa miezi kadhaa: gia hushika kwa kuchelewa, injini hunguruma pasipo mwendo kuongezeka, na oili hubadilika rangi.

Ni katika kipindi hicho ndipo baadhi ya wamiliki hushauriwa "kukaza" giaboksi, yaani kubadilisha springi na vipuri vichache vya ndani ili gia zishike kwa nguvu na haraka zaidi. Kazi hiyo ipo, ina msingi wa kihandisi, na katika aina fulani za giaboksi inaweza kufanyika nyumbani kwa zana za kawaida. Lakini kukaza giaboksi yenye afya na kukaza giaboksi inayokufa ni mambo mawili tofauti, na gharama ya kuyachanganya hulipwa na mwenye gari.

Magari yenye umri, barabara zenye milima

Kenya, Uganda na Tanzania huendesha magari upande wa kushoto wa barabara kama Japani, na kwa sababu hiyo soko la nchi hizo hutegemea kwa kiasi kikubwa magari ya Kijapani yaliyokwisha kutumika. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyozidi umri wa miaka 8. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 inayozuia magari yaliyozidi miaka 15 tangu yalipotengenezwa. Tanzania haijaweka katazo la namna hiyo, ila hutoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa.

Masharti hayo huhesabu umri wa gari siku linapoingia nchini. Baada ya hapo gari hilo hutumika kwa miaka mingi, likipita mkono hadi mkono, na mara nyingi bila kumbukumbu yoyote ya lini oili ya giaboksi ilibadilishwa. Aidha, hubeba abiria na mizigo kwenye barabara ambazo huitesa giaboksi: mpando wa Kitonga mkoani Iringa, ukingo wa Bonde la Ufa kati ya Limuru na Mai Mahiu, au vilima vya Kabale kuelekea mpaka wa Rwanda. Joto linalozalishwa hapo ndilo adui wa kwanza wa giaboksi ya otomatiki.

Ulaini ni uamuzi wa wahandisi

Katika gari la gia za mkono, dereva ndiye anayekanyaga klachi na kuiachia. Katika giaboksi ya otomatiki ya kawaida, kazi hiyo hufanywa na oili yenye shinikizo. Pampu inayozungushwa na injini husukuma oili hiyo kwenye bodi ya vali, kipande cha alumini chenye vijia vingi vyembamba vinavyopindapinda mithili ya vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Vali zilizomo humo huamua oili ielekee kwenye klachi ipi na kwa wakati gani. Oili inapofika, husukuma pistoni, na pistoni hubana pamoja sahani za klachi. Gia huwa imeshika.

Sahani hizo, hata hivyo, hazishikani papo hapo. Kwa sehemu ya sekunde huteleza, moja ikizunguka kwa kasi tofauti na nyingine, na mtelezo huo huzalisha joto na kula utando wa msuguano uliobandikwa juu yake. Kama zingeshikana ghafla, abiria wangehisi mshtuko kila gia inapobadilika. Kwa hiyo wahandisi wameweka akumuleta, ambazo ni vijisilinda vyenye pistoni na springi. Oili inapoelekea kwenye klachi, sehemu yake huingia kwanza kwenye akumuleta na kuisukuma springi, hivyo shinikizo hupanda polepole na gia huingia kwa ulaini.

Mtengenezaji anayeuza gari la familia huchagua ulaini, kwa kuwa mnunuzi anapolijaribu gari kwa mara ya kwanza hupendezwa na utulivu wake. Malipo ya uchaguzi huo ni mtelezo wa muda mrefu kidogo kila gia inapobadilika. Kwa gari jepesi katika barabara tambarare, malipo hayo ni madogo. Kwa gari lililojaa mizigo linalopanda mlima huku likipandisha na kushusha gia mara kwa mara, malipo huongezeka.

Kukaza giaboksi, basi, ni kupunguza muda wa mtelezo huo. Hufanyika kwa njia tatu: kuweka springi ngumu zaidi kwenye akumuleta, kupanua kidogo vitundu ambamo oili hupita kuelekea kwenye klachi, au kuongeza shinikizo la mfumo mzima.

Ujuzi uliozaliwa Marekani

Giaboksi ya kwanza ya otomatiki kuuzwa kwa wingi ilikuwa Hydra-Matic ya General Motors, iliyotangazwa mwaka 1939 na kufungwa kwenye magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Katika miongo iliyofuata, wapenzi wa mashindano ya magari nchini Marekani waligundua kwamba giaboksi hizo zingeweza kustahimili injini zenye nguvu zaidi endapo shinikizo lingeongezwa na mtelezo kupunguzwa. Kampuni kama B&M na TransGo, zote za jimbo la California, zilijipatia jina kwa kuuza seti za springi, gololi, vali na maelekezo ambazo mtu angeweza kuzifunga akiwa nyumbani kwake.

Baadaye ujuzi huo ulifika kwenye giaboksi za Kijapani. Miongoni mwa zilizofanyiwa kazi sana ni A340 ya gia 4, iliyotengenezwa na kampuni ya Aisin na kutumika kwenye Toyota Supra, Hilux Surf, baadhi ya Prado za miaka ya 1990, na hata Jeep Cherokee ya Marekani ambako ilipewa jina la AW4. Giaboksi ya familia hiyo bado inatembea katika barabara za Afrika Mashariki, na ndiyo mfano mzuri wa kueleza kazi hii hatua kwa hatua.

Kwanza kupima, kisha kufungua

Kabla ya kununua springi yoyote, yapo mambo manne ambayo mmiliki anaweza kuyapima bila kufungua giaboksi.

La kwanza ni oili. Gari likiwa kwenye sakafu tambarare, injini ikinguruma na giaboksi ikiwa na joto la kazi, mkono wa gia hupitishwa katika nafasi zote na kurudishwa P, kisha kijiti cha kupimia huchomolewa. Oili nzuri ni nyekundu na angavu. Oili ya kahawia iliyokoza, yenye harufu ya kitu kilichoungua, ni ushahidi kwamba utando wa sahani umekwisha kupikwa. Oili yenye rangi ya maziwa huashiria kuwa maji ya rejeta yamepenya ndani. Hali hizi mbili za mwisho haziponi kwa springi.

La pili ni kusikiliza injini gari linapobadilisha gia. Ulaini wa kiwandani huonekana pale sindano ya mizunguko inaposhuka bila kusita, ingawa polepole. Ulegevu wa ugonjwa huonekana pale sindano inapopanda kwanza, injini ikipaa kana kwamba imeachiwa, kabla ya gia inayofuata kushika. Kupaa huko ni dalili kwamba klachi haibani inavyopaswa.

La tatu ni muda wa kushika. Gari lisimamishwe mahali pa wazi, breki ya mkono ikiwa imevutwa, mguu ukiwa kwenye breki na injini yenye joto ikiwa sailensa. Mkono wa gia hutolewa N kwenda D huku saa ikihesabu hadi mtikisiko wa gia kushika usikike. Kwa A340 muda huo unapaswa kuwa chini ya sekunde 1.2, na kutoka N kwenda R uwe chini ya sekunde 1.5. Jaribio hufanywa mara 3, likiachwa dakika 1 katikati, na wastani huchukuliwa. Muda ukizidi hapo katika nafasi zote mbili, shinikizo ni dogo. Ukizidi katika nafasi moja tu, klachi au breki ya ndani inayohusika na nafasi hiyo imechakaa.

La nne ni kebo. Katika matoleo ya zamani ya A340, ipo kebo inayounganisha mlango wa hewa wa injini, au pampu ya dizeli, na vali ya shinikizo iliyomo kwenye giaboksi. Dereva anapokanyaga mafuta, kebo huvutwa na shinikizo la oili huongezeka. Pedeli ikikanyagwa hadi mwisho, nafasi kati ya kizuizi kidogo kilichopo kwenye kebo na ncha ya gamba lake inapaswa kuwa kati ya milimita 0 na 1. Kebo iliyolegea humaanisha klachi zinabeba nguvu kubwa ya injini zikiwa na shinikizo dogo, nazo huungua. Hutokea kwamba injini imebadilishwa au kufanyiwa ukarabati, kebo ikarudishwa bila kupimwa, na giaboksi nzima ikafa miezi michache baadaye kwa kosa la milimita chache.

Kwa sababu hiyo, kurekebisha kebo ndiyo kazi ya kwanza ya kukaza gia, na haihitaji zaidi ya spana 2 na rula. Wapo wamiliki ambao, baada ya kuirudisha kwenye kipimo na kuweka oili mpya ya aina sahihi, hugundua kwamba hawahitaji kufungua chochote.

Kazi yenyewe

Endapo vipimo vyote vinaonesha kuwa giaboksi ni nzima, na mmiliki bado anataka gia zishike kwa haraka zaidi, kazi ya akumuleta inaweza kuanza. Gari huinuliwa na kuwekwa juu ya stendi imara kwenye sakafu ngumu, na kamwe halitegemei jeki peke yake. Magurudumu yaliyobaki chini huwekewa vizuizi, na waya wa betri huondolewa. Oili humwagwa ikiwa vuguvugu, kwani iliyotoka moja kwa moja barabarani huunguza ngozi.

Sampu inapofunguliwa, sumaku zilizomo ndani yake husomwa kwa makini. Uji mweusi mwembamba kama masizi ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyong'aa, au mabaki ya utando wa sahani, humaanisha kazi isimame hapo na giaboksi ipelekwe kwa fundi wa kuifungua yote.

Baada ya kuondoa chujio, viunganishi vya solenoidi huwekewa alama, kebo huchomolewa, na mabomba membamba ya oili yaliyokandamizwa mahali pake huondolewa taratibu kwa kuwa hupinda upesi. Boliti za bodi ya vali hazina urefu mmoja. Njia ya kale na ya uhakika ni kuchora umbo la bodi kwenye boksi la karatasi na kuchomeka kila boliti mahali ilikotoka. Boliti ndefu ikirudishwa kwenye tundu fupi inaweza kupasua alumini.

Bodi inaposhushwa, springi za akumuleta huporomoka pamoja nayo, kwa hiyo hupokewa kwa mkono. Katika A340 ziko akumuleta 4, na springi zake hutofautiana kwa urefu, unene wa waya na rangi. Kanuni ni kutoa moja, kuiweka iliyo mpya, kisha kuhamia inayofuata. Mipira ya kuzuia oili kwenye pistoni hubadilishwa wakati huohuo, kwa kuwa mpira uliokauka huvujisha shinikizo na kuondoa faida yote ya springi mpya. Vitambaa vinavyoacha nyuzi havitumiki kufutia humo, kwani uzi mmoja unatosha kukwamisha vali.

Baadhi ya seti huja na maelekezo ya kutanua vitundu vya bati linalotenganisha nusu mbili za bodi ya vali. Hiyo ni hatua ya mtu aliyekwisha kuifanya akiwa na mwenye uzoefu. Ndani ya bodi zimo gololi ndogo ambazo kila moja ina mahali pake, na kitundu kilichotobolewa kupita kiasi hakirudi kuwa kidogo. Kwa anayefanya nyumbani kwa mara ya kwanza, springi zinatosha.

Wakati wa kufunga, vali inayoendeshwa na mkono wa gia lazima iingie kwenye pini yake, la sivyo gari halitatii mkono huo. Boliti za bodi hukazwa kwa Newton-mita 10 hivi, mkazo mdogo ambao mkono uliozoea nati za magurudumu huuzidisha bila kujua. Spana ya kupimia mkazo ndiyo zana pekee katika kazi hii ambayo haifai kukisiwa. Kisha sampu hufungwa kwa gasketi mpya, oili huongezwa kidogo kidogo, na kiwango hupimwa upya giaboksi ikiwa na joto.

Oili iliyotolewa huhifadhiwa kwenye dumu na kupelekwa kwa wanaokusanya oili chafu. Ikimwagwa mtaroni, hurudi kwenye visima.

Ugumu nao una gharama

Giaboksi iliyokazwa ipasavyo hubadilisha gia kwa mguso mfupi unaosikika bila kuumiza. Iliyokazwa kupita kiasi hupiga teke. Teke hilo halimaliziki ndani ya giaboksi, bali husafiri hadi kwenye propela, jointi, difu na mauntingi za injini. Ndani yenyewe, shafti na klachi za kuzungukia upande mmoja hupokea mshtuko ambao hazikuundwa kuupokea. Kuziba akumuleta kabisa, kama baadhi ya watu wafanyavyo, ni kubadilisha uchakavu wa polepole kwa uvunjikaji wa ghafla.

Lililo baya zaidi ni kutumia ugumu kuficha ugonjwa. Shinikizo likiongezwa kwenye sahani zilizobakiwa na utando mwembamba, gari linaweza kuonekana limepona kwa wiki kadhaa. Ni muda unaotosha kuliuza kwa mtu asiyejua, ambaye baadaye atakwama mlimani akiwa na familia yake. Mnunuzi wa gari lililotumika anayehisi gia zikipiga teke wakati mwili wa gari ni mtulivu anayo haki ya kuuliza nini kilifanywa ndani, na kuomba oili ipimwe mbele yake.

Magari yasiyohusika

Sehemu kubwa ya magari madogo ya Kijapani yaliyoingia katika miaka ya karibuni, zikiwemo Toyota Premio na Fielder za kuanzia mwaka 2007 hivi, yana giaboksi ya aina ya CVT. Hiyo haina gia za hatua kwa hatua. Mkanda wa chuma hutembea kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Hakuna gia ya kukazwa, na mtu anayeahidi kuikaza kwa springi anauza kisichokuwepo. Inachohitaji ni oili yake mahususi, kwani oili nyekundu ya kawaida ikiwekwa humo huweza kuharibu mkanda na puli.

Giaboksi mpya za gia 5 au 6 nazo hudhibitiwa na kompyuta, ambayo hupanga shinikizo kupitia solenoidi na hata kupunguza nguvu ya injini kwa kitambo kidogo gia inapobadilika. Kubadilisha springi bila kuielekeza kompyuta upya kunaweza kuleta matokeo yasiyotabirika. Toyota nyingi za kundi hilo hutumia oili ya WS, ilhali A340 hutumia ya familia ya Dexron. Oili hizo hazifai kuchanganywa kwa sababu tu dumu moja liko karibu.

Kwa gari linalobeba mizigo au kuvuta trela, nyongeza yenye faida kubwa kuliko springi mara nyingi ni kipooza oili kinachofungwa mbele ya rejeta. Hakihitaji kufungua bodi ya vali, nacho hupunguza joto ambalo ndilo chanzo cha matatizo mengi. Nyongeza nyingine haina gharama yoyote: kuzima gia ya mwisho kwa kitufe chake wakati wa kupanda mlima, ili giaboksi isihangaike kupandisha na kushusha gia kila kona, na kuteremka katika gia ya chini badala ya kutegemea breki pekee.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi ni huu: oili, muda wa kushika, kebo, na mwisho kabisa springi. Anayeanzia mwisho huenda akapata gia ngumu kwa wiki chache. Anayeanzia mwanzo huenda akagundua kwamba giaboksi yake haikuwa na tatizo ila kebo iliyolegea milimita 5, ambayo spana 2 zingeirudisha mahali pake kabla hajafika Kirinyaga, Kisekka au Gerezani.